Mashine ya Mjini, Nauli ya Mwamanyili

Mashine ilikuwa mjini, gharama zake tukizilipa sisi wa vijijini. Nayasema haya kwa kuwa nimekaa pande zote mbili. Kwanza nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika kata ya Mwamanyili, kijana mwenye baiskeli nzima, kwa hiyo mtu wa kutumwa na makaratasi. Baadaye nikaazimwa kuwa karani katika ofisi ileile iliyokuwa ikinirudisha mikono mitupu. Ofisi hiyo sitaitaja. Wengi niliofanya nao kazi wako hai, wanalea wajukuu, na hakuna hata mmoja wao aliyeiunda printa iliyokuwa ikilaumiwa.

Vijana wanaijua Mwamanyili kuwa kata ya Wilaya ya Busega, Mkoa wa Simiyu. Katika miaka ninayoisimulia, Busega haikuwa wilaya na Simiyu haikuwa mkoa. Sisi tulikuwa Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza. Wenzetu wa Bariadi walikuwa Mkoa wa Shinyanga. Ukitaka barua yenye muhuri ulitoka alfajiri, ukakanyaga baiskeli hadi barabara kuu ya Mwanza na Musoma, ukaiacha baiskeli kwa mtu unayemwamini, ukasubiri basi lenye walau nafasi ya kusimama. Simu ya kuuliza kabla hujatoka haikuwapo. Habari kwamba leo hakuna kazi uliipata ukiwa umeshafika mlangoni, vumbi mpaka kwenye nyusi.

Zamani kidogo haikuwa hivyo. Nilipoanza kazi, ofisi iliendeshwa kwa taipureta, karatasi za kaboni na mashine ya kudurufu. Mitihani ya shule ilipigwa kwenye stensili, kosa likazibwa kwa dawa nyekundu, kisha nakala zikazungushwa kwa mkono. Umeme ukatike au usikatike, mkono ulizunguka. Taipureta nayo ilikuwa na ugonjwa wa staha: herufi moja ikivunjika, barua ilitoka bila herufi hiyo, lakini ilitoka. Nimewahi kupokea barua ya uhamisho isiyo na "k" hata moja, mwandikaji akazijaza zote kwa kalamu ya bluu. Iliheshimiwa kama barua nyingine yoyote.

Kompyuta ya kwanza niliyoiona kwa karibu ililetwa pale mwaka 1996, ikiwa imeshamaliza ujana wake Ulaya. Ilipewa chumba chenye zulia, pazia zito na kufuli. Tuliingia tumevua viatu. Jioni ilifunikwa kitambaa cha kufuma, kile cha kwenye makochi ya sebuleni, ili vumbi lisiiguse. Wageni kutoka vijijini walichungulia dirishani, wakasimulia walikotoka kwamba ofisi sasa ina mashine inayojua kila kitu. Walichokuwa hawajakijua ni kwamba kuanzia hapo barua yao haitaandikwa tena na mtu aliye tayari, bali na mtu anayesubiri kitu kingine kiwe tayari.

Mhasibu wetu, mzee aliyesomea Dar es Salaam, ndiye aliyenieleza kwa nini nchi nzima ilikuwa inaanza upya. Serikali ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, ICT 1500 kutoka Uingereza, ikafungwa Hazina. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kazi ya kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine ilikwenda kombo, vitabu vikavurugika, fedha zikapotea. Mwaka 1974 ikapigwa marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali, na zuio hilo halikuondolewa hadi miaka ya 1990. Mzee hakulilaumu. Alisema fedha za kigeni zilikuwa haba, na kuna wakati nchi huchagua dizeli kabla ya mashine za hesabu. Lakini aliona lilichokiacha nyuma. "Mwalimu," aliniambia, "kizazi kizima cha makarani na mafundi kimepita bila kuishika. Sasa imekuja, tena imekuja kuukuu, na fundi wa karibu yuko Mwanza."

Nilipoazimwa kwenda kusaidia masijala, nilifundishwa kupiga kwenye WordPerfect 5.1: maandishi meupe juu ya rangi ya bluu, na juu ya vitufe kipande cha plastiki kinachokueleza kitufe kipi hufanya nini. Shift na F7, unaprinti. Kabla ya hapo, kila asubuhi, ulipaswa kuiambia mashine leo ni lini. Betri yake ndogo ya ndani ilikuwa imekufa, na kompyuta za aina ile zikipoteza fahamu hurudi tarehe 1 Januari 1980, mwaka ambao programu yake ya msingi huanzia kuhesabu. Ukisahau kuisahihisha, na barua imeandaliwa ijiwekee tarehe yenyewe, ilitoka na tarehe hiyo. Mwalimu mmoja kijana alipewa barua ya kuthibitishwa kazini iliyoonyesha kwamba alithibitishwa akiwa darasa la pili. Aliipeleka kunakohusika, wakacheka, wakamrudisha. Kicheko kilikuwa chao. Nauli ya kurudi kuja kusahihishiwa ilikuwa yake.

Tulikuwa na printa mbili. Ya sindano ilikula karatasi ndefu zenye matundu pembeni, ikapiga utepe wa wino kwa vichuma vidogo, na kelele zake zilisikika mpaka kwa mlinzi. Hiyo ilikuwa ngumu kufa. Utepe ulipofifia tuliufungua na kuulowesha wino wa muhuri. Fundi alipotuonya kwamba wino mkavu utavikwamisha vichuma, tukauchanganya na matone ya mafuta ya cherehani, na maandishi yakatoka tena, yakiwa na rangi ya zambarau kidogo. Ya pili ilikuwa ya leza, msafi wa mavazi na mwepesi wa kununa. Wakati wa mvua karatasi hunyonya unyevu, zikashikana, printa ikavuta mbili kwa mpigo na kukwama. Tulijifunza kuzipepea kabla ya kuzipakia, na kuliweka bunda zima juu ya monita likaushwe na joto lake. Wino ulipoelekea kwisha tulichomoa katriji, tukaitikisa kulia na kushoto, tukapata kurasa chache za deni.

Mambo mengine hayakuwa ya kutikisa. Mashine ilikuwa imeandaliwa kwa karatasi za Kimarekani, ambazo ni pana kidogo na fupi kuliko A4. Kila ilipopokea jalada jipya, printa ilisimama, taa ikawaka, ikisubiri karatasi ambayo haijawahi kuuzwa katika duka lolote la kwetu. Ukiilazimisha, ilikata ukingo wa kulia. Na ukingo wa kulia wa fomu za serikali ndio wenye safu ya saini. Kwa hiyo shule zilipokea fomu zisizo na mahali pa kusaini, walimu wakuu wakasaini nyuma, wakaambiwa wamekosea.

Orodha za watahiniwa wa darasa la saba ndizo zilizonionyesha kwamba mashine ile haikuwa imezaliwa Usukumani. Inapopanga majina kwa alfabeti, alama ya ng'ombe, ile ya juu, huhesabiwa kabla ya herufi zote. Hivyo akina Ng'wandu na Ng'wigulu walipanda juu ya akina Ngassa, mahali ambapo mwalimu hakutegemea kuwakuta. Mwalimu alipitisha kidole kwenye mstari, hakuona jina, akapanda basi kuja kulalamika kwamba mtoto wake ameachwa. Mtoto alikuwapo. Alikuwa ameketi kiti kisicho chake. Kwenye programu ya kutafutia kumbukumbu mambo yalikuwa mabaya zaidi: alama hiyohiyo ndiyo iliyoiambia mashine kwamba jina limekwisha. Ukiandika Ng'wandu, ilimtafuta "Ng", ikakuta kipande kisichoeleweka mbele yake, ikagoma. Katika kata zetu jina la aina hiyo si la ajabu hata kidogo. Darasa moja linaweza kuwa nayo kumi. Tulimaliza tatizo kwa kuzifuta alama zote, na kuna watu wazima leo ambao vyeti vyao vinasema Ngwandu na shahada zao za ubatizo zinasema Ng'wandu, na bado wanaapishwa kuthibitisha kwamba hao wawili ni mtu mmoja.

Kisha zikaja mvua za El Niño, mwisho wa 1997 zikaingia 1998. Vijito vilivyokuwa vya kuruka vikawa vya kusubiri. Umeme ulikatika siku mfululizo, karatasi zikawa laini mkononi, na watu waliendelea kuja, kwa sababu shida za watu hazisubiri mvua ikatike. Siku moja alifika mzee wa kamati ya shule kutoka pande zetu za Mwamanyili. Suruali ilikuwa imekunjwa hadi magotini na fomu ameifunga kwenye mfuko wa plastiki ndani ya kofia.

"Mwangaluka, mayu," alimsalimu katibu muhtasi wetu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba. Karibu uketi."

Alikuwa amefuata barua ya mistari mitano. Katibu muhtasi alimweleza kwamba mashine haifanyi kazi. Mzee akauliza swali ambalo sote tulikuwa hatujawahi kujiuliza. "Mayu, na mkono wako nao haufanyi kazi?" Hakuwa na kejeli. Alitaka kujua.

Yule mama, Mjita aliyekulia Musoma, alinyamaza. Akafungua kabati la chini, akaitoa taipureta iliyokuwa imefichwa kama jamaa wa aibu, akaifuta vumbi, akaipiga ile barua kwa kaboni, akaigonga muhuri na kuipeleka kwa mkubwa isainiwe. Mzee aliondoka nayo kabla basi la mchana halijapita. Jioni ile mama alinunua kaunta buku kwa fedha yake, akapiga mistari kwa rula na kuandika vichwa vya safu: tarehe, jina, anakotoka, alichofuata, sababu ya kurudishwa, nauli aliyotumia. Kila aliyeambiwa "njoo kesho" aliandikwa humo.

Mimi nilitegemea safu ya sababu ijae neno moja, printa. Haikuwa hivyo. Niliisoma mwisho wa mwezi na nimeikumbuka maisha yangu yote. "Umeme" ilikuwapo, ndiyo. "Wino umekwisha, hati ya manunuzi inasubiri saini." "Mwenye ufunguo wa chumba yuko semina." "Karatasi zimeletwa fulskepu badala ya A4." "Mwenye kujua nywila amekwenda msibani." "Disketi imepelekwa Mwanza." Mashine yenyewe, kwa ubovu wake wote, ilikuwa imemrudisha mtu mara chache. Waliorudishwa wengi walirudishwa na watu, mashine ikabeba jina. Ilikuwa mbebaji mzuri wa lawama kwa sababu haijitetei, na kwa sababu mwananchi wa wakati ule aliiheshimu kiasi cha kutoihoji. Ukimwambia mtu kwamba karani hayupo, atauliza yuko wapi. Ukimwambia kompyuta imegoma, atakupa pole.

Katibu muhtasi hakulipeleka kaunta buku kwa mkubwa akalalamika. Alilijumlisha tu. Alijumlisha safu ya nauli, akaandika jumla kwa wino mwekundu, na chini yake akaandika bei ya katriji ambayo hati yake ilikuwa inasubiri saini. Nauli walizopoteza wananchi katika mwezi mmoja zilikuwa zimezidi bei ya katriji hiyo. Kisha akaliweka juu ya mafaili ya asubuhi, wazi kwenye ukurasa huo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mkubwa yule hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu ambaye barua zake humfikia mezani. Alisoma kimya, akauliza "huyu wa Mwamanyili amekuja mara ngapi?", akaambiwa, akaisaini hati palepale.

Baada ya hapo tulipata utaratibu, na uliidumisha ofisi miaka kadhaa bila kununua mashine mpya hata moja. Ufunguo wa pili ulikaa kwa katibu muhtasi. Wino wa akiba uliagizwa pale ule uliomo unapofunguliwa, si unapokwisha. Kazi ya kuprinti ilifanywa asubuhi na mapema, kabla umeme haujaanza kushuka. Kila waraka ulihifadhiwa kwenye disketi mbili, moja ikilala kabati jingine. Na kanuni kubwa kuliko zote: mtu aliyetoka mbali asirudishwe kwa sababu ya mashine. Barua yake ipigwe kwa taipureta, au iandikwe kwa mkono, igongwe muhuri na kuingizwa kwenye jalada. Nakala safi itafuata mashine ikipona. Mwanzoni baadhi ya maofisa waliona aibu kusaini maandishi ya mkono. Aibu ikaisha walipoona yanakubalika kila yanapokwenda.

Ukuukuu nao ulikuwa na baraka zake. Mwaka 1999 virusi vya CIH vilivyokuwa vimejificha kwenye kompyuta vililipuka tarehe 26 Aprili, vikafuta diski na kuua mashine nyingi, hasa Korea Kusini na Uturuki. Vilishambulia mashine za Windows 95 na 98. Yetu ilikuwa nyuma kiasi kwamba havikuijua. Steshenari za mjini zilizokuwa na Windows nazo zilinusuriwa na kalenda: 26 Aprili ni Siku ya Muungano, na wengi walikuwa wamefunga. Miezi michache baadaye dunia ikaanza kuogopa kwamba usiku wa kuamkia mwaka 2000 kompyuta zitapotea njia katika miaka. Mhasibu wetu alicheka. Ya kwetu ilipotea kila umeme ulipokatika, nasi tuliirudisha kwa kuiandikia tarehe.

Mambo yalibadilika kwa kasi baada ya hapo. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ukaanza 2002. Watoto walifurika, madarasa yakajengwa, ruzuku ikaanza kutumwa mashuleni, na kila shilingi ikahitaji taarifa yake. Makaratasi yakaongezeka kuliko mikono. Kompyuta mpya zililetwa, za rangi nyeusi, na printa zisizo na kelele. Simu za mkononi nazo zikafika, na mtu akaweza kubipu kabla hajapanda basi, akapigiwa na kuambiwa aje au asije. Katika shangwe hiyo kaunta buku liliachwa. Hakuna aliyeamua liachwe. Lilijaa, mama akastaafu, na hakuna aliyenunua lingine. Taipureta iliuzwa mnadani pamoja na viti vibovu.

Mwaka 2006 ukame ulipolishusha bwawa la Mtera na nchi ikaingia kwenye mgawo mkali wa umeme, niliona ofisi yenye kompyuta nzuri kuliko zote nilizowahi kuzitumia ikimrudisha mama mjamzito kwa sababu barua ya mistari mitano haiwezi kuandikwa gizani. Ilikuwa saa nne asubuhi na jua lilikuwa linaingia dirishani. Hapo ndipo nilipoelewa kilichouzwa mnadani.

Simiyu ilipokuwa mkoa mwaka 2012 na Busega ikawa wilaya, safari ya mtu wa Mwamanyili ilifupishwa, na hilo ni jambo kubwa. Mishahara, ruzuku na takwimu za wanafunzi vimehamia kwenye mifumo ya mtandaoni, na mwalimu mkuu wa leo anaingiza kwenye simu yake kile nilichokuwa nikikibeba kwenye kapu la baiskeli. Sisikitikii yale ya zamani, yalituchosha. Lakini nimekaa kwenye mabenchi ya ofisi nikiwa mstaafu mwenye fomu zangu, nikasikia "mtandao uko chini, baba, jaribu kesho kutwa", kwa sauti ileile tuliyokuwa tukiitumia sisi. Mtandao umerithi kazi ya printa ya leza. Unabeba lawama za ufunguo uliokwenda semina.

Mifumo hii inajiandikia karibu kila kitu: nani aliingia, saa ngapi, alibadilisha nini. Kitu kimoja haiwezi kukijua hata ikiwa mizima kabisa, nacho ni mtu aliyefika mlangoni, akaambiwa na kuondoka. Huyo hakuingia kwenye mfumo. Mpwa wangu sasa ni mtendaji wa kijiji, na amewahi kuniuliza afanyeje ofisi yake isilaumiwe. Nilimwambia asianze kwa kuomba kompyuta mpya. Aanze kwa kumwandika kila anayerudishwa, anakotoka na alichotumia njiani, kisha safu ya sababu aijaze mtu asiye na cha kuficha. Akishajumlisha mwezi mmoja, atajua kama anahitaji fundi, au anahitaji ufunguo wa pili.